Nyuzi za Gitaa Kavu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Unene na Madini

Gitaa kavu lile lile, likivuliwa seti moja ya nyuzi na kuvikwa nyingine, linaweza kutoka kuwa gumu la kuumiza vidole na kuwa laini la kupigika saa nzima. Ndiyo maana maswali haya hayaishi. Nimeyapanga kuanzia ya mtu anayenunua nyuzi kwa mara ya kwanza hadi ya anayetyuni gitaa kwa namna zisizo za kawaida.

Msimamo wangu usomeke mapema: amua unene kwanza, madini baadaye. Unene ndio unaoamua kama gitaa litapigika na kama litadumu. Madini hutia rangi ya sauti. Wengi huanza na madini, hulipia zaidi, na tatizo lao hubaki palepale.

## Mambo ya msingi

Namba kama 10, 11 au 12 kwenye pakiti zina maana gani?

Ni unene wa uzi wa kwanza, yaani ule mwembamba kuliko wote, ukipimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Uzi wa 12 una unene wa inchi 0.012, sawa na milimita 0.30 hivi. Pakiti ikiandikwa 12-53, namba ya pili ni unene wa uzi wa sita, ile besi ya E. Nyuzi za katikati hupangwa na mtengenezaji ili zilingane. Seti ya 12-53 kwa kawaida huwa 12, 16, 24, 32, 42 na 53.

Wapigaji wakisema "nimefunga kumi na mbili" wanazungumzia uzi wa kwanza, na wanategemea msikilizaji aelewe kwamba zilizobaki zinafuata.

"Extra Light", "Custom Light", "Light" na "Medium" zinatofautianaje?

Kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma, pakiti nyingi hufuata mpangilio huu: "Extra Light" huanza na 10, "Custom Light" na 11, "Light" na 12, "Medium" na 13. Lakini majina hayo hayana sheria. "Light" ya kampuni ya D'Addario huishia 53, ya kampuni ya Martin huishia 54. Kwenye gitaa la umeme neno hilo hilo "Light" huweza kumaanisha 10 au hata 9. Soma namba, jina liache.

Angalia pia neno "Medium". Linamdanganya mnunuzi adhani ni unene wa wastani, kumbe kwa gitaa kavu hizo ni nyuzi nene. Unene ambao viwanda vingi hufunga kwenye magitaa makubwa mapya ni 12.

Nitajuaje kama gitaa langu ni la nyuzi za chuma au za nailoni?

Tazama daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye ubao wa uso. Kama kila uzi unaingia kwenye tundu na kubanwa na kigingi kidogo, hilo ni gitaa la chuma. Kama uzi umepita kwenye tundu la mlalo na kufungwa kwa fundo, ni la nailoni. Shingo nayo husaidia: ya nailoni huwa bapa na pana, karibu milimita 52 pale kwenye mfupa wa kichwani (kile kipande chenye mikato ambamo nyuzi hupita kuelekea kwenye funguo), wakati ya chuma mara nyingi ni milimita 43 au 44. Usihukumu kwa kichwa chenye matundu marefu peke yake, maana yapo magitaa ya chuma yenye kichwa cha namna hiyo.

Nyuzi zilizopo sasa si ushahidi wa kutosha. Huenda aliyekuwa nalo kabla yako alifunga zisizofaa.

Naweza kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni?

Hapana. Hili ndilo jibu moja katika ukurasa huu ambalo halina "inategemea". Seti ya nailoni huvuta gitaa kwa nguvu ya karibu kilo 40 au chini kidogo. Seti ya chuma ya 12 huvuta kati ya kilo 70 na 75. Gitaa la nailoni lina ubao mwembamba, fito za ndani ni nyepesi, na mara nyingi shingo haina fimbo ya chuma ya kuizuia isipinde. Mzigo ukikaribia maradufu, daraja hung'oka, ubao huvimba, au shingo hupinda isinyooke tena. Si lazima itokee siku hiyo hiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: gitaa linalia vizuri wiki mbili, kisha linaharibika.

Kinyume chake, nailoni kwenye gitaa la chuma, hakivunji kitu. Ila sauti itakuwa hafifu kwa sababu ubao ule ulitengenezwa usukumwe kwa nguvu zaidi, na nyuzi za nailoni ni nene kuliko mikato ya mfupa wa kichwani. Kwa matumizi ya kawaida sipendekezi.

## Kuchagua unene

Mwanzilishi aanze na unene gani?

Anza na 11 kama gitaa ni la ukubwa wa kawaida. Kama vidole ni vya mtoto, au mkono una maumivu ya viungo, shuka hadi 10. Nyuzi za 12 ni nzuri, na huenda utaishia huko, lakini miezi ya kwanza kazi kubwa ni kuifanya mikono ipende kurudi kwenye gitaa kila siku. Mtu anayepiga dakika kumi kisha akaacha kwa maumivu hajifunzi haraka kama anayepiga nusu saa kwenye nyuzi laini.

Kuna imani kwamba kuanza na nyuzi ngumu hujenga vidole. Siikubali. Ngozi ya ncha za vidole hukomaa kwa kupiga mara kwa mara, iwe kwenye 10 au kwenye 13. Kinachojengwa na nyuzi ngumu mno ni tabia ya kukaza kiganja na kukunja bega, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kuiondoa.

Elfu moja ya inchi ni kitu kidogo sana. Kwa nini inahisika?

Kwa sababu mkazo haupandi sambamba na unene. Hupanda kwa kipeo cha pili cha unene. Uzi wa waya mtupu wa 13 unahitaji mkazo wa takriban asilimia 17 zaidi ya uzi wa 12 ili utoe noti ile ile. Ukishuka kutoka 12 hadi 11 unapunguza karibu asilimia 16, na ukishuka hadi 10, karibu asilimia 31.

Kwa seti nzima hesabu zinakuwa hivi, kwa kukadiria: seti ya 10 huvuta kilo 60, ya 11 kilo 68, ya 12 kilo 74, ya 13 kilo 85. Tofauti ya kilo 11 kati ya 12 na 13 inabebwa na ubao wa mbao wenye unene wa milimita tatu hivi, usiku na mchana. Kwa hiyo unene ni jambo la afya ya gitaa kama ulivyo jambo la vidole.

Je, nyuzi nene zina sauti nzuri zaidi?

Zina sauti kubwa zaidi, na besi yake hushiba. Uzi wenye uzito na mkazo zaidi huutikisa ubao kwa nguvu zaidi, na huvumilia mkono mzito bila kuyumba. Lakini "nzuri" ni neno jingine. Gitaa dogo lenye ubao mwepesi likifungwa 13 linaweza kunyamaza badala ya kuimba: ubao unakuwa umebanwa kiasi kwamba hautikisiki kwa uhuru. Nimewahi kusikia gitaa la aina hiyo likishushwa kutoka 13 hadi 11, sauti ikafunguka kana kwamba dirisha limefunguliwa.

Nyuzi nyembamba nazo zina sifa yake. Noti za juu huwa na mng'ao, kupinda noti huwa rahisi, na mtu anayepiga kwa vidole polepole hupata sauti bila kujitahidi.

Vidole vinauma sana. Ni nyuzi au ni gitaa?

Mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ni gitaa. Kabla hujanunua seti nyembamba, fanya jaribio hili: funga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja) kwenye freti ya kwanza, yaani kile chuma cha mlalo cha kwanza shingoni, kisha piga kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zile zile. Kama ghafla kila kitu kimekuwa rahisi, mikato ya mfupa wa kichwani haijachimbwa vya kutosha, na nyuzi zimekaa juu mno mwanzoni mwa shingo. Fundi anaweza kuichimba kwa tupa zake ndogo kwa muda mfupi, na baada ya hapo kodi ya F haitakuwa adui.

Kama kapo halisaidii, pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kiasi cha milimita 2 hadi 2.5 kwa besi ya E, na 1.5 hadi 2 kwa uzi wa kwanza, kinawafaa wapigaji wengi. Ukikuta milimita 4, hata seti ya 10 itakuumiza. Rekebisha kimo kwanza, ndipo uhukumu unene.

Umbo la gitaa linaamua unene?

Linapendekeza, na ni vyema kulisikiliza. Gitaa kubwa lenye mabega mapana hubeba 12 bila shida, na mengi hubeba 13. Magitaa madogo ya kiuno chembamba hupenda 11 au 12. Ya kusafiria na ya robo tatu yana shingo fupi, na hapo hesabu hubadilika: uzi mfupi huhitaji mkazo mdogo kutoa noti ile ile, hivyo 11 kwenye shingo fupi sana hulegea na kugonga freti. Humo 12 hukaa vizuri.

Hata tofauti ndogo ya urefu inahisika. Shingo ya gitaa la Martin yenye urefu wa uzi wa milimita 645 ikilinganishwa na ile ya milimita 632, nyuzi zile zile huwa na mkazo pungufu kwa asilimia nne hivi kwenye fupi. Kwa hiyo mtu anayesema "12 ni laini" na mwingine anayesema "12 ni ngumu" huenda wote wanasema kweli.

Gitaa langu ni la zamani. Nifunge nini?

Kama hujui historia yake, anza na 10 au 11, na kama lilitengenezwa kabla ya miaka ya 1920, usilifunge chuma mpaka fundi alione ndani. Magitaa mengi ya wakati huo yalijengwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Hata ya baadaye si yote yana fimbo ya kurekebishia shingo. Martin yenyewe ilianza kuweka fimbo inayorekebishika mwaka 1985. Kwenye gitaa lisilo na fimbo hiyo, unene wa nyuzi ndio usukani pekee ulio nao dhidi ya shingo kupinda.

Weka rula nyuma ya daraja, mlalo. Ubao kuvimba kidogo ni kawaida. Ukiona kilima, au karatasi inapenya chini ya ukingo wa daraja, legeza nyuzi leo hii.

Nacharaza kwa piki (kile kibamba kidogo cha kupigia nyuzi), mara nyingine napiga kwa vidole. Unene gani unafaa?

Anayecharaza kwa nguvu hufaidika na 12 au 13, maana nyuzi nyembamba hupigwa zikayumba mpaka noti inapanda juu kidogo kabla ya kutulia, na nyingine hugonga freti. Anayepiga kwa nyama ya vidole hupata uhai zaidi kwenye 11 au 12. Kwa anayefanya yote mawili, 12 ndiyo njia ya kati. Zipo pia seti zenye nyuzi tatu nyembamba za "Light" na besi tatu za "Medium", na huwa nawashauri wacharazaji waijaribu seti hiyo kabla ya kwenda 13 kamili: besi inashiba, na vidole havilii.

## Kuchagua madini

Seti inasemwa ni ya bronzi, mbona nyuzi mbili ni nyeupe?

Kwa sababu bronzi ni vazi. Kila uzi wa gitaa la chuma una kiini cha chuma kigumu. Nyuzi mbili nyembamba ni chuma kitupu, kwa kawaida kilichopakwa bati. Nyuzi nne zilizobaki zimezungushiwa waya mwingine juu ya kiini, na waya huo ndio unaotajwa kwenye pakiti. Kwa hiyo ukibadilisha madini, unabadilisha nyuzi nne. Mbili za juu zinabaki karibu zile zile.

Bronzi ya 80/20 na bronzi ya fosforasi zinatofautianaje?

Waya wa 80/20 ni shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Mwanakemia angeiita shaba ya njano wala si bronzi, lakini jina limeshashika. D'Addario inaeleza kwamba nyuzi hizi zilitokana na kazi ya John D'Addario Sr. na mtengenezaji wa magitaa John D'Angelico katika miaka ya 1930. Sauti yake ni ya kung'aa, yenye makali, na zikiwa mpya zinaweza hata kuwa kali kupita kiasi. Hufifia mapema.

Bronzi ya fosforasi ni shaba karibu asilimia 92 na bati asilimia 8, pamoja na fosforasi kidogo sana. D'Addario iliileta kwenye nyuzi za gitaa mwaka 1974. Rangi yake imeelekea wekundu, sauti ina joto na utamu katikati, na hustahimili kutu vizuri zaidi. Hizi ndizo wengi wetu tumezoea kuzisikia.

Namna yangu ya kuchagua ni kuutazama upungufu wa gitaa. Gitaa lenye sauti nzito, yenye giza, lipe 80/20 liamke. Gitaa lenye sauti nyembamba ya kuchoma masikio lipe fosforasi. Kuongeza mwanga kwenye gitaa ambalo tayari linang'aa ni kosa linalorudiwa sana.

Vipi kuhusu nikeli, moneli na nyingine?

Moneli ni mchanganyiko wa nikeli na shaba, nikeli ikiwa nyingi zaidi. Sauti yake ni kavu na tulivu, haina ule mng'ao wa siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo haibadiliki sana kadiri siku zinavyokwenda. Anayependa sauti ya mbao kuliko sauti ya waya ataipenda. Zipo pia za shaba na alumini, ambazo zina ukali wa juu na besi iliyo wazi.

Nyuzi za hariri na chuma zinamfaa nani?

Zinamfaa anayepiga kwa vidole, mwenye gitaa dogo au la zamani, na mwenye mikono inayouma. Kwenye besi, nyuzi za hariri hulazwa juu ya kiini cha chuma kabla ya kuzungushiwa waya, hivyo mkazo hupungua na mguso huwa laini. Sauti nayo ni ya upole, karibu na nailoni. Kwa kucharaza kwa piki hazifai. Hulegea, na waya wake wa juu hulika haraka.

Nyuzi zilizopakwa utando zina thamani ya bei yake?

Kwa mtu mwenye jasho kali, ndiyo, bila shaka. Utando mwembamba wa plastiki huzuia jasho na uchafu visiingie kati ya mizunguko ya waya, na hapo ndipo uzi unapofia. Kampuni ya Elixir ndiyo iliyozipa umaarufu katika miaka ya 1990, na leo karibu kila mtengenezaji ana zake. Faida ya pili ni kwamba vidole vikiteleza havipigi kelele sana, jambo linalosaidia ukirekodi.

Hasara yake ni mguso wa utelezi ambao wengine hawauzoei, na sauti iliyopungua makali kidogo siku ya kwanza. Anayependa ukali wa nyuzi mpya na kuzibadilisha kila mara hana haja nazo.

Naweza kufunga nyuzi za gitaa la umeme kwenye gitaa kavu?

Hazitaliumiza, lakini utapata matatizo mawili. Waya wake wa nikeli hutoa sauti hafifu bila nguvu ya spika. Tatizo la pili ni kubwa zaidi: uzi wa tatu wa seti nyingi za umeme ni waya mtupu, wakati mfupa wa darajani wa gitaa kavu umekatwa kwa uzi wa tatu uliozungushiwa waya. Ukifunga ule mtupu, G itatyuniwa ikiwa wazi, kisha itapanda juu ya noti kila unapobana freti.

Gitaa langu lina pikapu, kile kifaa kinachopeleka sauti kwenye spika. Madini yanajalisha?

Inategemea aina. Pikapu iliyo chini ya mfupa wa darajani husikia mtikisiko, hivyo madini yoyote yanafaa. Pikapu ya sumaku, ile inayobanwa kwenye tundu la sauti, husikia vitu vinavyovutwa na sumaku tu. Bronzi haivutwi, kwa hiyo kwenye besi husikia kiini peke yake, na nyuzi mbili za chuma kitupu hujitokeza kwa nguvu kuliko nyingine. Kama sauti hailingani namna hiyo, jaribu seti ya nikeli, au shusha vijiti vya pikapu chini ya nyuzi hizo mbili ikiwa vinarekebishika.

Kwenye nailoni nichague nini, maana pakiti hazina 11 wala 12?

Nailoni huuzwa kwa mkazo: wa kawaida, mkubwa, na mkubwa zaidi. Anza na wa kawaida. Mkazo mkubwa hutoa nguvu na mshikamano kwa anayedonoa kwa nguvu, kwa gharama ya vidole. Nyuzi za kaboni, ambazo ni nyembamba kuliko nailoni kwa noti ile ile, zina mng'ao na husaidia uzi wa tatu ambao kwenye nailoni mara nyingi husikika butu.

Nailoni yenyewe si ya kale. Mpaka miaka ya 1940, wapigaji walitumia utumbo, na vita vilipoufanya uwe adimu, mtengenezaji wa magitaa Albert Augustine akatengeneza nyuzi za nailoni, na mpigaji mashuhuri Andrés Segovia akawa mtetezi wake mkubwa.

## Kubadilisha kutoka unene mmoja kwenda mwingine

Nikibadilisha unene, lazima gitaa lirekebishwe?

Hatua moja, kwa mfano 12 kwenda 11, mara nyingi hupita bila kazi. Hatua mbili huhitaji kuangaliwa. Nyuzi nyembamba hupunguza mvuto, shingo hurudi nyuma, na unaweza kusikia mkwaruzo kwenye freti za mwanzo. Nyuzi nene huivuta shingo mbele, nyuzi zikainuka.

Funga seti mpya, tyuni, kisha liache gitaa lilale siku nzima. Baada ya hapo bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, utazame pengo katikati, karibu na freti ya 7. Pengo la milimita 0.2 hivi ni zuri. Likiwa kubwa sana au halipo kabisa, fimbo ya shingoni huzungushwa robo mzunguko kwa wakati, si zaidi, kisha unasubiri tena. Ukihisi imegoma, acha, mpelekee fundi.

Kwa nyuzi nene angalia pia mfupa wa kichwani. Ukisikia mlio mdogo wa "tik" unapotyuni, uzi umebanwa kwenye mkato. Mkato unahitaji kupanuliwa. Usiendelee kukaza kwa nguvu.

Nitajuaje nyuzi zilizopo sasa ni za unene gani?

Kipimo cha kalipa ndicho jibu la hakika; pima uzi wa kwanza na wa sita. Bila kalipa, nunua seti ya 12, uweke uzi wake wa kwanza kando ya ule wa zamani uvipapase. Watu wengi hutambua tofauti ya sehemu mbili za elfu za inchi kwa ncha za vidole. Tafuta pia tovuti ya mtengenezaji wa gitaa: wengi huandika nyuzi walizolifunga kiwandani.

Uzi mmoja umekatika. Ninunue mmoja au seti nzima?

Kama seti ina wiki chache, mmoja unatosha, wa unene ule ule. Kama seti ni kuukuu, mpya mmoja utang'aa peke yake kati ya zilizochoka, hasa ukiwa ni wa besi. Nyuzi mbili za chuma kitupu haziumbui sana, kwa hiyo ni busara kuwa na akiba ya uzi wa kwanza na wa pili.

Nyuzi hudumu muda gani?

Kwa kupiga kila siku, za kawaida huanza kuchoka ndani ya wiki chache hadi miezi miwili. Jasho la mtu ndilo linaloamua. Usihesabu siku, tazama dalili: besi imepoteza mlio, rangi imekuwa nyeusi, chini ya uzi unahisi vijishimo mahali pa freti, na kutyuni hakutulii hata ukirudia. Kufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga kunaongeza maisha yake kuliko dawa yoyote ya kupulizia.

Kuchemsha nyuzi ili zirudi upya? Maji huondoa uchafu kwa siku chache, lakini vijishimo na uchovu wa chuma hubaki.

## Hali zisizo za kawaida

Natyuni chini ya kawaida. Nibadilishe unene?

Ukishusha nusu toni, mkazo hupungua kwa asilimia 11. Ukishusha toni nzima, kwa asilimia 21 hivi. Kwa nusu toni, mwenye 12 anaweza kubaki na 12. Kwa toni nzima, panda hadi 13: seti ya 13 iliyotyuniwa kuanzia D ina mkazo pungufu kidogo tu kuliko 12 za kawaida, hivyo gitaa haliumii.

Anayeshusha uzi wa sita pekee hadi D anaweza kuweka 56 mahali pa 53 na kuacha nyingine zilivyo. Kwa tyuni ya DADGAD (noti za nyuzi kuanzia wa sita hadi wa kwanza) nyuzi tatu hushuka toni nzima, na 12 au 13 zote hufaa kutegemea mkono. Tahadhari ni moja: gitaa likishafungwa 13 kwa ajili ya tyuni ya chini, usilipandishe hadi E ya kawaida bila kuwa na hakika kwamba linabeba 13. Kwa siku za kupiga noti za kawaida, tumia kapo.

Uzi wa kwanza unakatika kila wiki. Nichukue mnene zaidi?

Sivyo, kwanza tazama unakatikia wapi. Ukikatikia kwenye funguo, kuna ukingo mkali kwenye tundu la funguo. Ukikatikia darajani, mfupa una kona kali inayohitaji kusuguliwa kwa msasa laini sana. Ukikatikia kwenye mfupa wa kichwani, mkato umebana. Ukikatika katikati, ni kutu, piki, au freti iliyochubuka. Mahali pakiwa pale pale mara tatu, kosa ni la gitaa, na uzi wowote utakaoweka utakufa hapo.

Gitaa la nyuzi 12 linahitaji nini?

Seti yake maalumu, mara nyingi ya 10-47. Hata hivyo jumla ya mkazo hupita kilo 100, ndiyo maana wengi hulityuni nusu toni au toni nzima chini na kupandisha kwa kapo. Sina kinyongo na njia hiyo. Daraja la gitaa la nyuzi 12 huishi maisha magumu. Uzi unaokatika zaidi ni G ya juu, wa 8 au 9, mwembamba kuliko uzi wowote mwingine kwenye gitaa hilo. Nunua miwili ya akiba unaponunua seti, na unapoityuni, panda taratibu kutoka chini, ukiwa umeweka uso mbali.